Hija ya Lalibela kutoka Malindi: nyota nne, na hiyo moja niliyoipunguza nawaambia kwa nini

Kwa wenye haraka wanaouliza kama hija hii inafaa, nianze na jibu: ndio, nendeni. Kama una hela ya safari moja tu ya dini kwa maisha yako na Yerusalemu imekushinda bei au viza, nenda Lalibela, Ethiopia, mji wa makanisa yaliyochongwa kwenye mwamba, hutajuta. Ila usilipe kabla hujauliza maswali, manake sisi kuna vitu hatukuambiwa na kimoja kinaniuma mpaka saa hii ninapoandika.

Tulikuwa kikundi cha watu wa hapa hapa Malindi, wengi wakatoliki, Waanglikana wachache, na mama mmoja mpentekoste ambaye mwanzo alikuwa anasema hajui anaenda kufanya nini kwa mawe. Agenti ana ofisi mjini. Kifurushi chake ni ndege Mombasa mpaka Addis Ababa, kulala Addis, asubuhi ndege ndogo mpaka Lalibela, hoteli na chakula cha asubuhi na jioni, na mtembezaji wa kule kule. Mkenya hahitaji viza kuingia Ethiopia, na hilo peke yake lilituondolea nusu ya maumivu ya kichwa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano beba. Kiingilio cha makanisa kwa mgeni ni cha dola na sio kidogo, muulize agenti kama kiko ndani ya bei ama utakitoa mfukoni ukifika, wenzetu wawili walikuwa hawajajipanga wakaanza kukopana pale getini mbele za watu, haikuwa vizuri.

Usalama nao nisiuzungukie. Lalibela iko jimbo la Amhara na huko kumekuwa na shida. Agosti 2021 mji uliingia mikononi mwa wapiganaji wa Tigray, ukarudi kwa serikali Desemba mwaka huo huo, alafu kuanzia 2023 kukawa na mapigano mengine kati ya jeshi na wanamgambo wa Fano. Safari yetu ilisogezwa kwa sababu hiyo hiyo na agenti hakutukata hata shilingi, hapo nampa heko kabisa. Lakini mwambie akuandikie kwa karatasi kwamba ndege ya Lalibela ikifutwa pesa yako itakuwaje, usikubali maneno ya mdomo.

Sasa mji wenyewe. Zamani ulikuwa unaitwa Roha. Mfalme Lalibela wa ukoo wa Zagwe alitawala mwisho mwisho wa karne ya 12 na mwanzo wa karne ya 13, na mji ukachukua jina lake. Mwaka 1187 Salahudini aliichukua Yerusalemu kutoka kwa wapiganaji wa msalaba, na masimulizi ya pale yanasema mfalme akaamua kuwajengea watu wake Yerusalemu nyumbani, ili Mhabeshi asiyeweza kuvuka jangwa na bahari naye awe na pa kwenda kuhiji. Ndio maana ukitembea pale unakuta mtaro wanauita Yordani na msalaba wa jiwe umesimama ndani yake, unakuta Golgota, unakuta kanisa la Bethlehemu, unakuta mpaka kaburi la Adamu. Na watu hawapiti hapo kama watalii. Wanapita wanaomba.

Makanisa ni 11 na hakuna hata moja lililojengwa. Yote yamechongwa. Kwa yale yanayosimama peke yake, mafundi walianza juu ya mwamba, wakachimba handaki pande zote nne mpaka likabaki pande moja kubwa la jiwe limesimama katikati, alafu ndio wakaingia ndani yake kwa milango na madirisha wakatoa jiwe lisilotakiwa na kuacha nguzo, matao, dari, kila kitu. Sisi wa pwani tunajua mawe. Tumekulia karibu na timbo za matumbawe, tunajua fundi akikosea jiwe analitupa anachukua jingine. Pale fundi akikosea nguzo moja hakuna jiwe jingine, ameshaharibu kanisa zima. Bete Medhane Alem, yaani nyumba ya Mwokozi wa Dunia, ina urefu wa mita 33 na upana wa mita 23, kimo zaidi ya mita 11, na inatajwa kuwa kanisa kubwa kuliko yote duniani yaliyochongwa kwenye jiwe moja. Nilisimama ndani nikaweka kiganja kwenye nguzo, nikafuata kwa vidole alama za patasi, zipo bado, mistari mifupi mifupi imelala upande mmoja, na nikajua huyu fundi alikuwa anatumia mkono wa kulia na alikuwa hana haraka. Nililia pale, na sikuwa peke yangu.

Mtembezaji wetu ndiye aliyeifanya hii safari, hizo nyota nne nyingi ni zake. Ni shemasi, kijana aliyezaliwa pale pale, amesoma Kigeez tangu mtoto, hiyo ndio lugha ya ibada yao. Kila mlango kabla hajatuambia kitu anainama anabusu mwimo kwanza, ndio anageuka kutueleza. Mmoja wetu akamuuliza ni kweli malaika walichonga usiku mafundi wakiwa wamelala? Akasema bibi yake alimwambia hivyo na yeye anaamini, alafu bila kubadilisha sauti akatwambia kuna wataalamu wanaosema makanisa yote hayakuchongwa enzi za mfalme mmoja, kwamba Bete Merkorios na Bete Gabriel-Rufael yanaonekana ya zamani zaidi na huenda yalianza kama ngome au jumba la kifalme kabla ya kugeuzwa kanisa. Hakuona shida kutuambia yote mawili. Nimetembezwa sehemu nyingi na watu wanaotia chumvi ili mgeni afurahi atoe bakshishi, huyu hakututilia chumvi hata chembe, na ndio maana nikamwamini aliponiambia la nyuki, kwamba mfalme alipozaliwa nyuki walimzunguka na mama yake akasema hawa wamemtambua atakayetawala.

Programu ya agenti ilikuwa imeandika makanisa yote 11 siku moja. Jamani. Kwa miguu inawezekana, kwa roho haiwezekani. Na hata kwa miguu sio sana, manake mji uko mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari na sisi ndio watu wa usawa wa bahari wenyewe, ngazi kumi tu mnahema, mzee mmoja wetu ilibidi akalishwe kivulini apewe maji. Shemasi akamwita kiongozi wetu pembeni, wakapanga upya: kundi la kaskazini siku yake, kundi la mashariki siku yake, na Bete Giyorgis peke yake jioni jua likiwa limelainika. Kwa hiyo ukipewa karatasi ya programu yenye makanisa yote siku moja ikatae pale pale ofisini.

Bete Giyorgis ndio ile ya kwenye picha zote, ya msalaba. Ukija hauioni. Unatembea kwenye mwamba mtupu, ghafla chini ya miguu yako kuna shimo la pembe nne na ndani yake kanisa limesimama, paa lake limechongwa misalaba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na paa hilo liko sawa na ardhi uliyosimama wewe. Kushuka ni kwa njia nyembamba iliyokatwa kwenye jiwe. Kwenye kuta za shimo kuna vitundu, vingine vina mifupa ya mahujaji wa zamani, miguu yao inaonekana. Kuna walioshtuka. Mimi nilifikiri, huyu alitembea wiki na wiki kuja hapa na hakutaka kuondoka tena.

Upande wa mashariki kuna njia ya chini ya mwamba, giza totoro, wanasema ni mfano wa jehanamu. Mnaambiwa mzime tochi na simu, mkono mmoja ukutani, mwingine juu ya kichwa usije ukajigonga, mnakwenda. Yule mama mpentekoste alianza kuimba tenzi mle gizani, tukamjibu wote. Tulipotoka upande wa pili hakusema tena habari ya mawe.

Sasa lile linaloniuma. Kaburi la mfalme Lalibela linasemekana liko ndani ya Bete Golgota, na Bete Golgota wanawake hawaingii. Unaingia upande wa Bete Mikael, hapo unaruhusiwa, unafika kwenye mlango wa Golgota, basi. Hatukuambiwa. Hata mstari mmoja kwenye karatasi haukuwepo. Zaidi ya nusu ya kikundi chetu ni wanawake, tumechanga hela mwaka mzima, tumefika mlangoni pa kaburi la mtu tuliyemjia ndio tunaambiwa nyinyi simameni hapa. Sheria ni ya kanisa lao na nyumba ni yao, siendi kwa mwenyewe kumpangia. Lakini agenti alijua, amepeleka vikundi kabla yetu, na kutotuambia ni kutuvunjia heshima. Tulisimama pale wanaume wakaingia, tukasali rozari kimya kimya, na baadae shemasi akaja kukaa na sisi badala ya kwenda na wao, akatusimulia habari za Meskel Kebra mke wa mfalme, ambaye masimulizi yanasema ndiye aliyesimamisha kanisa la Abba Libanos kwa kumkumbuka mume wake. Hapo hatukuzuiwa kuingia. Nililiangalia hilo kanisa kwa jicho lingine kabisa. Hiyo nyota moja niliyoipunguza imepotelea mlangoni pa Golgota, na agenti nimeshamwambia uso kwa uso.

Ibada ya alfajiri usikose, hata kama haiko kwenye programu, omba. Na hapa kuna kitu kilitufurahisha kupita kiasi: saa zao ni kama zetu! Siku inaanza kuhesabiwa jua likichomoza, saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi. Mwenye hoteli alivyosema ibada ni saa kumi, sisi tukaelewa hapo hapo, Wazungu wa meza ya pili wakawa wanaulizana na kuandika kwenye tishu. Tulienda usiku bado mweusi na baridi ya kukata masikio (sweta sio hiari, beba). Wamejaa watu wa mashuka meupe, netela wanaziita, wamesimama. Mabenchi hakuna, wanasimama masaa, wenye fimbo wanaegemea fimbo. Ngoma kubwa inapigwa polepole na makasisi wanatikisa njuga za chuma na kuyumba wote upande mmoja kisha upande mwingine. Karibu yangu alikuwepo bibi mmoja, miguu imepasuka kwa kutembea, alivua kandambili zake mbali na mlango akabusu kizingiti mara tatu, akaegemeza paji la uso kwenye jiwe na kuanza kuongea na Mungu kwa sauti ya kawaida tu, hasomi popote, anatoa habari za nyumbani kwake. Sikuelewa neno hata moja na nilielewa yote.

Kuna kitu natamani agenti angeweka kwenye kifurushi cha watu wa Malindi hasa, manake historia hii inatuhusu kuliko tunavyofikiri. Vasco da Gama alipotia nanga kwetu Aprili 1498 Wareno walikuwa wanatafuta viungo, sawa, lakini pia walikuwa wanamtafuta mfalme Mkristo waliyesikia yuko huku Afrika, wakimwita Prester John. Huyo kwao akaja kuwa mfalme wa Habash, yaani Ethiopia. Mwaka 1507 waliteremsha wajumbe watatu hapa hapa Malindi, padri João Gomes, João Sanches na Mwislamu mmoja anayetajwa kama Sidi Mohammed, wapite bara mpaka Ethiopia. Njia ya bara ikawashinda, ikabidi wazungushwe kwa bahari mpaka karibu na rasi ya Guardafui, huko Somalia, na wakaingilia huko. 1520 ndio ujumbe mkubwa ukafika Ethiopia kupitia Massawa, na padri wao Francisco Álvares akaiona Lalibela kwa macho yake. Aliandika mpaka akaogopa, akaapa kwa Mungu kwamba anayosema ni kweli kwa sababu alijua wasomaji kwao hawataamini. Na hebu fikirini, Habash walikuwa Wakristo tangu karne ya 4, enzi za mfalme Ezana na askofu Frumentius, wakati Ureno yenyewe imekuja kutambulika kama ufalme miaka ya 1140. Tunafundishwa kwamba Ukristo tuliletewa na meli. Wenye hizo meli walikuwa wanawatafuta Wakristo wa Afrika waliowatangulia kwa mamia ya miaka.

Kile kikanisa cha Wareno cha pale ufukweni Malindi, cha ukuta mweupe na makuti, ambacho kilikuwepo mmisionari Fransisko Ksaveri alipopita mjini 1542 akamzika msafiri mwenzake, wengi wetu hatujaingia tangu safari za shule. Kikundi kingepelekwa pale kwanza, wiki moja kabla ya ndege, watu waelezwe habari za 1507, wangepanda ndege wakijua wanamalizia njia gani. Ni hatua chache kutoka sokoni na gharama yake ni ndogo sana.

Majirani zangu waislamu nao msidhani hii haiwahusu. Nilivyoaga, mzee wa nyumba ya pili aliniambia, "Mwanangu, unaenda nchi ya Najashi, watu wema hao." Habash ndiko masahaba walikokimbilia mateso ya Makka, mwaka 615 hivi, na mfalme wake Mkristo, ndiye Najashi, akakataa kuwarudisha. Nilimsimulia shemasi, akashika kifua akainama. Akaniambia nikirudi nimsalimie mzee, na nimemsalimia.

Haya, vitu vidogo vidogo. Soksi beba nyingi, viatu vinavuliwa kila kanisa na mazulia ya mle ndani yana viroboto, nawaambia ukweli. Kuna vijana wanaolinda viatu, wape chochote. Akina mama beba shuka au mtandio mwepesi mweupe, leso zetu pia zinafaa na walizipenda. Chakula ni injera (mkate mpana mwembamba kama chapati) na shiro (mchuzi wa unga wa dengu), na ukienda Jumatano au Ijumaa au msimu wa mfungo usitafute nyama, walei wao wanafunga karibu siku 180 kwa mwaka. Hoteli ilikuwa safi, maji ya moto asubuhi tu. Picha za ndani uliza kwanza, na ukipiga usitumie flashi. Yale mapaa makubwa ya chuma yaliyowekwa 2008 kukinga makanisa mvua yanaharibu picha kweli, lakini picha sio hoja, hoja ni kwamba wakazi wenyewe waliandamana 2018 wakiogopa yatawaangukia makanisa yao, na ukisimama chini yake upepo ukivuma ukasikia vyuma vinavyolia utawaelewa. Makanisa haya yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1978, orodha ilipoanza tu, yanastahili kitu kizuri kuliko hicho.

Muombeni pia kasisi awaonyeshe misalaba. Wa dhahabu wa Bete Medhane Alem, Afro Ayigeba, kama kilo 7, uliibiwa 1997 ukapatikana kwa mnunuzi wa Ubelgiji ukarudishwa. Watu wanausimulia wizi huo kwa uchungu kama msiba wa familia.

Krismasi yao, Genna, ni Januari 7 na mahujaji wanamiminika kutoka kila pembe ya nchi, hoteli zinajaa mapema sana na bei zinapanda. Timkat, ubatizo wa Bwana, kwa kawaida ni Januari 19, hapo tabot (vibao vitakatifu vya madhabahu) zinatolewa nje zimefunikwa vitambaa na mji mzima unazifuata. Agenti amesema ataandaa kikundi cha Timkat usalama ukiruhusu, na safari hii amekubali mambo matatu kwa maandishi: makanisa yagawanywe siku tofauti, kiingilio kiwe ndani ya bei, na habari ya Golgota iandikwe ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Mamangu ameshatoa malipo ya kwanza. Nilimweleza habari ya mlango, akaniambia yeye atakaa pale nje na wanawake wenzake wa kihabeshi, na anataka ajifunze ule wimbo wa alfajiri.